Gari Halivuti

Ipagala, Dodoma
22 Mei 1994

Ndugu yangu Nathanaeli,

Natumaini baridi ya Arusha bado inakusumbua, maana ukiizoea hutarudi tena huku kwetu. Nyumbani tuko salama. Mama anauliza kila Ijumaa kama umeshapata mchumba wa Kimeru, na mke wangu Salha anakusalimu. Mimi na wewe tumekaa dawati moja tangu darasa la tatu, kwa hiyo nisikuzungushe.

Gari halivuti.

Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mkono mwingine uliolijenga. Ile Corolla ililetwa kutoka Dubai ikiwa gari la kwenda sokoni. Wewe ndiye uliyeitoa injini yake ukaweka kubwa zaidi, ukafunga kabureta mbili pacha, ukabadilisha bomba la moshi, ukang'oa viti vya nyuma. Mwaka jana kwenye mashindano kila mtu alituona. Nilikuwa nikikanyaga mafuta pale njia ya Zuzu, mgongo unabandikwa kwenye kiti. Sasa nakanyaga mpaka mwisho na gari linaondoka kama limebeba mahindi. Linawaka vizuri, halitoi moshi, halikohoi. Ni zito tu.

Limeanza baada ya wewe kuondoka. Sisemi kitu, nakueleza tu lilivyoanza. Mashindano ni Septemba, na safari hii wanakuja madereva wa Dar es Salaam na magari mapya. Nataka unijibu kwa ukweli: kuna kitu ulichokigusa siku ile ya mwisho ulipokaa na gari peke yako?

Wako,
Swalihu Mbaruku


Arusha
3 Juni 1994

Ndugu Swalihu,

Barua yako imefika kwa dereva wa basi, ikiwa imekunjwa kama risiti. Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie mchumba hajapatikana. Kampuni hii ya watalii ina magari mengi kuliko mafundi, nalala karibu karakanani.

Siku ile ya mwisho nilibadilisha oili na plagi, nikaosha chujio la hewa. Ni hayo tu. Swali lako nimelisoma mara ya pili nikaona si swali la fundi kuulizwa na rafiki yake, lakini nimeliweka pembeni.

Sasa tulitafute. Gari likiwa zito bila kukohoa kuna njia chache. Kwanza, panda kilima gia ya nne, ukanyage ghafla. Injini ikipiga kelele na gari lisiongezeke, klachi inateleza. Pili, baada ya mwendo mrefu shika rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inakamata. Tatu, fungua chujio la petroli, vumbi la huko nalijua. Nne, zima injini, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe tazama vile vifuniko ndani ya kabureta. Visiposimama wima kabisa, waya wa mafuta umelegea na gari halipati chakula chake.

Fanya kimoja kimoja. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Nathanaeli Chilongani


Ipagala, Dodoma
14 Juni 1994

Nathanaeli,

Nimefanya yote. Klachi inashika. Rimu zote zina joto moja. Chujio nimeweka jipya. La kabureta, Salha aliingia ndani akakanyaga mimi nikatazama, vifuniko vikasimama wima kabisa. Waya hauna kosa. Nikatoka na gari hadi Chamwino, na mzigo ni ule ule. Lori la mchanga lilinipita pale Buigiri, na aliyekuwa analiendesha akanipungia mkono.

Basi nimelipeleka kwa fundi mwingine. Usinune. Anaitwa Mbwana, ametoka Dar mwaka huu, amefungua karakana karibu na stesheni. Amefungua kabureta akatoa zile jeti za kupitishia petroli, akaziweka kiganjani, akaniuliza: "Nani amekuwekea hizi? Kwa injini kama hii jeti ni ndogo. Mtu amechukua zako akakuachia hizi."

Nilimwambia fundi wangu hafanyi mambo hayo. Akacheka kidogo, akasema, "Fundi wako yuko wapi sasa hivi?"

Nikamwambia Arusha, kwenye kampuni ya watalii. Akasema kumbe.

Sasa nakuuliza wewe. Jeti zangu ziko wapi?

Swalihu


Arusha
27 Juni 1994

Swalihu,

Jeti zako ziko kwenye gari lako. Ni zile zile alizokuwa ameshika kiganjani.

Mbwana ametoka Pwani. Huko hewa ni nzito, injini inataka petroli zaidi. Dodoma iko juu, hewa ni nyepesi, ukiweka jeti za Dar gari linalewa petroli na kutoa moshi mweusi. Mimi niliziteua ndogo kwa makusudi, na wewe ulikuwepo, ulikaa juu ya tairi unakula miwa. Gari lilishinda kwa jeti hizo hizo. Mwambie aweke kubwa, utaona litakavyokuwa.

Na mimi nina langu la kuuliza. Kwa nini barua zako zinakuja zikiwa zimeshaamua? Wewe hutafuti ubovu, unatafuta sababu. Nimeanza kufikiri kuwa gari halina kitu, ila umepata fundi wa mjini wa kupanda naye jukwaani Septemba, na hujui namna ya kuniambia. Kama ndivyo, sema. Sitakufa.

Kama sivyo, bado kuna kipimo kimoja. Mpe mtu mwingine aendeshe. Mdogo wako Harithi anajua gari. Njia ile ile, muda ule ule, wewe usiwepo ndani. Halafu uniandikie alichosema.

Nathanaeli


Ipagala, Dodoma
6 Julai 1994

Nathanaeli,

Gari langu haliendeshwi na mtu mwingine, na kipimo cha namna hiyo ni cha kunidhalilisha. Unataka Harithi aseme kaka hajui kuendesha?

Mbwana ameweka jeti kubwa. Moshi umetoka, ni kweli. Anasema ni kwa sababu kuna kitu kingine pia kimechukuliwa, ndani zaidi, na akifungua injini atakiona.

Jana palikuwa na watu karakanani kwake, madereva na wengine wa chama cha mashindano. Waliniuliza gari limekuwaje, nikawaambia ninavyoamini: kwamba Nathanaeli alipoondoka aliondoka na vifaa vyangu. Nimeona ni haki nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa.

Usinijibu.

S. Mbaruku


Ipagala, Dodoma
15 Julai 1994

Shemeji Nathanaeli,

Ni mimi Salha. Swalihu hajui kama nakuandikia, na sipendi kufanya hivi, lakini kukaa kimya nako siwezi tena.

Nilikuwa upande wake. Mama mkwe alisema umefukia kitu ndani ya gari, na mimi sikumkatalia. Nilijiambia mtu haachani na rafiki wa utotoni bila jambo. Lakini Jumatatu Swalihu alisafiri kwa treni kwenda Tabora, akaacha funguo. Nilimwita Harithi. Nilikuwa nimemsikia Swalihu akilalamika usiku kucha kwamba unataka gari aendeshe Harithi, nikaona basi na aendeshe. Kwanza alizirudisha jeti ndogo, Mbwana alikuwa amezifunga kwenye karatasi. Kisha tukatoka hadi njia panda ya Chamwino, mimi nikiwa kando yake.

Shemeji, lile gari liliruka. Nilishika dashibodi nikamwambia punguza. Harithi alisimamisha pembeni, akasema, "Shemeji, hili gari halina ugonjwa."

Tangu hapo silali vizuri. Nimeanza kukumbuka mambo niliyoyapita.

Tangu Mei analala na soksi. Alisema ni baridi, na kweli Juni ya hapa unaijua, lakini Swalihu hajawahi kuvaa soksi kitandani miaka yote hii. Anatawadha akiwa amefunga mlango. Nilidhani ana mwanamke, nikaanza kumchunguza mifuko. Sikukuta kitu. Kisha nikaona kandambili. Anatoka uani na mbili anaingia na moja, ya kulia imebaki njiani, na hajui mpaka nimwambie.

Juzi alikuwa nyuma ya gari, pekupeku, injini inaunguruma, anaongea na Mbwana. Nilikuwa napika. Nikasikia harufu nikadhani nimeunguza nyama. Nikatoka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeegemea lile bomba la moshi, ngozi inababuka, na yeye anaongea tu. Niliposema "Mguu wako" aliutazama kwanza, ndipo akautoa. Hakupiga kelele. Mbwana alipoondoka, Swalihu alinikataza nisiseme kwa mtu.

Mimi si fundi. Lakini vipimo ni vyako: nikikanyaga mimi vifuniko vinasimama wima, na Harithi akiendesha gari linaruka. Anabaki nani?

Nijibu kwa anwani ya shuleni kwangu, siyo nyumbani.

Salha


Arusha
24 Julai 1994

Shemeji Salha,

Nimeisoma barua yako nikiwa chini ya gari, nikatoka nikakaa nje.

Nilikuwa nimemkasirikia sana. Mdogo wangu Yotham, ambaye nilimwachia karakana yetu hapo Ipagala, ameniandikia kwamba wateja wanalipita lango, na mmoja alikuja kulitoa gari lake likiwa halijamalizika. Wanasema ni karakana ya wezi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu Swalihu. Nimeyachana.

Nitakuambia ninachodhani, na naomba niwe nimekosea. Shangazi yangu Raheli, wa Zuzu, alianza hivyo hivyo. Baka la ngozi lililofifia, halafu mguu unaosahau. Alikuwa akikanyaga mwiba wa mgunga anatembea nao hadi jioni. Ulikuwa ukoma. Nyumbani walimficha miaka, ndiyo maana alipoteza vidole. Alipokuja kupelekwa hospitali alipewa vidonge, akapona, na mpaka leo analima. Kilichomharibu ni kule kufichwa, maana dawa zilikuwepo.

Swalihu anadhani anakanyaga mpaka mwisho. Unyayo haumwambii umefika wapi, kwa hiyo anasimama katikati, na gari linatii. Hasemi uongo. Anavyosikia yeye, gari ndilo zito.

Chukua pamba. Mwambie afumbe macho, umguse unyayo na pembeni, aseme kila anaposikia. Kama hasikii, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, dawa hazilipiwi. Na wewe na mama na Harithi mtazamwe pia. Usiogope kukaa naye. Wakishaanza dawa hawaambukizi.

Usimwambie ni mimi niliyesema, atakataa.

Shemeji yako,
Nathanaeli


Ipagala, Dodoma
21 Agosti 1994

Nathanaeli,

Salha ameniambia ni wewe. Hawezi kuficha kitu zaidi ya siku mbili, ulipaswa kujua.

Nilikataa kwanza. Nilimwambia mmekula njama, wewe, yeye na Harithi, mnataka kuniondoa kwenye usukani. Nilisema mambo ambayo siyaandiki. Alifunga mlango, akaleta pamba aliyoichomoa kwenye mto, akaniambia nikae kitandani nifumbe macho, na kama hakuna kitu atatoka aniombe radhi mbele ya mama.

Nikafumba. Nikasubiri aanze. Nikasubiri, mwisho nikamwambia, "Anza basi." Akasema alishamaliza.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshika pamba mapajani, hanitazami.

Lile baka nililiona mimi mwaka jana, juu kidogo ya kifundo. Nilidhani ni mba, nikapaka mafuta ya taa. Lilipoanza kupanuka nikavaa soksi. Sijui nilikuwa namficha nani. Kuna usiku nilikuwa najua, kulipokucha sijui tena, naingia kwenye gari namlaumu fundi.

Tulikwenda hospitali. Daktari alinipitishia kidole nyuma ya goti akautafuta mshipa, akasema umevimba. Nimepewa vidonge vya miaka miwili, vingine nameza nyumbani, vingine kila mwezi mbele ya muuguzi. Siku ya kwanza nilikojoa mkojo mwekundu kama juisi ya rozela. Muuguzi alikuwa amenionya, vinginevyo ningesema kweli nimelogwa. Salha, mama na Harithi wametazamwa, hawana kitu.

Daktari anasema ugonjwa utaisha, lakini unyayo huenda usirudi. Natakiwa kuutazama kila jioni kama mtu anavyokagua tairi.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie mtu. Hata Yotham. Unajua mji huu. Duka aliloniachia baba lina unga na sukari, nani atanunua chakula kwangu? Harithi ataendesha Septemba, tutasema nimeumia kifundo.

Swalihu


Arusha
1 Septemba 1994

Swalihu,

Nimefurahi umekwenda. Nakuandikia hilo kwanza, na ni kweli.

Barua yako niliisoma mpaka mwisho nikairudia, natafuta neno kuhusu yale uliyoyasema kwa Mbwana mbele ya watu. Halimo. Sikulaumu, umepata kikubwa zaidi cha kufikiria. Lakini usidhani sikuliona.

Nimefikiri hivi. Ukiwaambia sikuiba, watauliza gari lilikuwa na nini. Ukisema halikuwa na kitu, watauliza mbona lilikuwa zito. Hakuna jibu lingine ila mguu wako. Kwa hiyo kaa kimya. Mimi niko mbali, hapa hakuna anayenijua kwa wizi. Yotham nimemwambia afunge karakana aje huku, kuna kazi. Sirudi Dodoma, na si kwa hasira. Siwezi kufungua milango asubuhi nikitazamwa vile.

Siri yako nitaitunza. Meza dawa. Mwambie Harithi asibadilishe jeti.

Nathanaeli


Ipagala, Dodoma
19 Septemba 1994

Nathanaeli,

Mashindano yalikuwa jana. Nakuandikia kabla sijapoa, maana nikipoa nitapamba.

Harithi ameshika nafasi ya pili, nyuma ya gari moja la Dar. Kutoka Chamwino alikuja na vumbi ambalo watu walisimama juu ya paa za magari kulitazama. Nilikuwa mwishoni mwa njia na fimbo ya kifundo cha uongo, nikasahau kuchechemea.

Nilidhani litaishia hapo. Lakini tulipokusanyika kwenye uwanja, wamekaa wale wale wa siku ile, Mbwana naye yupo, Matonya wa chama cha mashindano anagawa soda, nikamsikia mmoja akisema, "Mmeona? Nathanaeli ameogopa, amerudisha vifaa kimya kimya." Wakacheka. Mwingine akasema mwizi mwenye aibu ni nadra. Yotham alikuwa mbali kidogo, amekuja kuuza zana zenu kabla ya kusafiri, funguo na jeki zimepangwa juu ya turubai. Alisikia. Aliendelea kufuta jeki ile ile.

Nathanaeli, gari limekimbia na jina lako limezidi kuchafuka. Mpaka hapo nilikuwa nimepanga kukaa kimya kama ulivyoniambia, na nilikuwa nimeshukuru kwamba umeniambia.

Nikamwomba Matonya nafasi. Nikasema, "Nathanaeli hakuchukua kitu, na hakurudisha kitu. Jeti ni zile zile alizoweka mwaka jana. Gari halikuwa na ubovu, mimi ndiye niliyekuwa sikanyagi." Mbwana akasema, "Mzee, dereva kama wewe utakosaje kukanyaga?" Nikaona hakuna namna. Nikakaa juu ya kreti la soda, nikavua kiatu na soksi, nikawaonyesha baka na kovu la bomba la moshi. Nikalitaja jina la ugonjwa. Nikasema natumia dawa na siambukizi.

Aliyekuwa karibu nami akasogea, halafu akajifanya alikuwa anafuata kivuli. Matonya alikuwa amenyoosha mkono kunipa chupa, akaiweka chini nikaiokote. Mbwana alitazama mikono yake. Leo dukani wamekuja watu wachache, na mama Generosa wa mkabala, aliyekuwa akinunua sukari kwetu tangu enzi za baba, amemtuma mtoto duka la pili. Salha amefungua madirisha yote na kukaa kaunta mwenyewe. Sijui tutafikaje mwisho wa mwaka. Ni hivyo, nakueleza ilivyo.

Lakini nimalizie ya jana. Baada ya kusema niliinuka niondoke, kiatu mkononi. Nilitaka tu kufika kwenye gari. Yotham akaacha turubai lake akaja. Tangu Julai hajawahi kunisalimia, na sikutegemea. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari.

Akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akasema, "Simama hapo. Hapa chini kuna vyuma na vioo." Akapiga magoti vumbini mbele ya wote, akaunyanyua mguu wangu kama anayekagua kwato, akaugeuza, akauangalia unyayo. Akachomoa kitu, sikuona ni nini, akakitupa. Sikusikia chochote. Kisha akanivalisha soksi, akanivalisha kiatu, akafunga kamba.

Akasema, "Kaza mwendo twende, nisaidie kurudisha jeki karakanani."

Swalihu